Saa Nne ya Betri Namba Sita

Jumatano, 2 Aprili

Leo karakanani kumeingia mzigo, na sisemi kwa mafumbo. Ni mashine, na jina lake ndilo hilo: mzigo. Ukubwa wake kama redio ya zamani, ina feni mgongoni na kioo chenye tarakimu za kijani, na imekuja na mwenyewe. Mwenyewe ni Chelangat, msichana wa Kericho mwenye diploma ya umeme. Mradi mmoja wa Mombasa umemtuma akae nasi masika yote apime betri za sola za visiwa hivi.

"Esha, ndoo umuone mgeni," Ami Abdulwahid aliniita, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa zawadi.

Ami si ami yangu wa damu. Ndiye bwana wa karakana hii ya Mkomani, chumba cha chini cha nyumba ya mawe ya marehemu babake, na mimi nimekaa kwenye benchi lake miaka tisa. Kazi yetu ni betri. Betri ikiletwa tunaipima, na ikiwa nzima Ami huchovya burashi katika rangi nyeupe akaandika ubavuni neno moja: YAFAA. Kutoka Pate hadi Kipungani watu hawaulizi betri ina miaka mingapi, huuliza ina yafaa au haina. Neno hilo halijapata kuandikwa na mkono mwingine. Ila Ami ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na mwaka jana alisema masika haya yakiisha atapumzika na burashi itapata mwenyewe mwingine. Hakumtaja. Sikuona haja ya kuuliza, kwa kuwa tulikuwa wawili tu.

Sasa tu watatu.

Alhamisi, 3 Aprili

Chelangat amenywea kahawa kikombe changu, kile chenye ufa. Hakujua. Nimekiosha mara mbili.

Jumatatu, 7 Aprili

Niandike haki yake, kisha ninune vizuri.

Betri iliyolala husema uongo. Ukiipima bila kazi itakwambia volti kumi na mbili nukta nane kama mpya, ukiipa kazi inaanguka. Lazima uitwike mzigo ndipo uijue. Mzigo wetu miaka yote ni taa mbili za lori zilizopigiliwa kwenye ubao. Naziwasha, naangalia saa, naweka kiganja ubavuni mwa betri nisikie joto, na natazama mwanga unavyofifia. Nimejifunza hivyo kwa Ami na naijua kazi yangu.

Hii mashine unaiambia ivute ampea kumi na tano, nayo inavuta kumi na tano, betri ikichoka haiionei huruma. Unaiambia isimame volti zikishuka hadi kumi na nusu, inasimama. Chelangat anaiamrisha kutoka kwenye kompyuta bila kuinuka kitini: vuta tano, sasa vuta thelathini kama mashine ya boti inayoanza, sasa pumzika. Kila sekunde kompyuta inaandika volti na kuchora mstari unaoteremka. Ina nyaya mbili nene za kuvutia na mbili nyembamba zinazobanwa kwenye vichwa vya betri. Nikauliza hizi nyembamba za nini.

"Waya nene inakula volti kidogo njiani," akasema. "Kwa hivyo ukipimia huku kwa mashine utaionea betri. Hizi nyembamba hazibebi kitu, zinaenda kuangalia tu pale pale kwa betri."

"Basi ni nyaya za kuonja," nikasema.

Ami alicheka sana. Kufikia alasiri Chelangat naye alikuwa akisema "nyaya za kuonja" kana kwamba neno hilo kalileta kutoka Kericho.

Baadaye tukashindana, betri sita. Mimi kwa kiganja na taa, yeye kwa mzigo. Tano tulikubaliana. Ya sita nilisema yafaa, na mstari wake ulianguka dakika ya arobaini mbele ya macho yetu. Ami aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo akasema, "Subhanallah." Zile tano hakuna aliyezitaja tena.

Alhamisi, 10 Aprili

"Fundi, kahawa yako yapowa," Ami alisema.

Nikageuka. Hakuwa akiniita mimi.

Siku nane tangu Chelangat aje. Miaka tisa mimi ni "mwanangu". Najua ni neno la mapenzi, na sikuwahi kulidharau mpaka leo asubuhi. Lakini mwanangu huletewa chakula na Bi Ruba, mkewe Ami, kutoka juu, na fundi ndiye huachiwa karakana.

Jumatano, 16 Aprili

Mawingu mazito upande wa Manda, mvua bado.

Chelangat alimwambia mteja, "Hii inataka masaa manne." Walikuwapo wateja watatu na Ami. Nikamkata kauli. "Hapana masaa, bibi. Saa ni saa. Iwe moja, ziwe mia, ni saa. Sema saa nne."

Wateja wakacheka. Yeye akaona haya, akainamisha kichwa. "Pole, Bi Esha. Kiswahili chetu cha bara kitaniaibisha huku." Akatoa kijitabu mfukoni akaandika. Hata kuaibishwa anakuandika.

Nilijisikia vizuri mpaka saa kumi hivi.

Jumatatu, 21 Aprili

Chelangat yuko Mombasa kwa Pasaka. Benchi ni langu, mzigo umefunikwa kitambaa, nimepumua. Wamekuja watu tisa. Saba wameuliza yule wa mashine atarudi lini.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua ya tatu mfululizo. Jua likikosekana ndipo betri mbovu hujulikana, kwa hiyo watu wamejaa mpaka kichochoroni, mkokoteni juu ya mkokoteni, punda wametia kinyesi mlangoni.

Ami alikuwa akiiandika betri ya msikiti. YAFA akaiweka sawa, lakini A ya mwisho ilitoka nje ya betri ikaingia mezani. Hakuona. Akaendelea kuvuta burashi juu ya mbao. Alipogundua akainua burashi juu.

Nilikuwa kuliani kwake. Nilishanyosha mkono.

"Fundi," akasema, na akageukia kushoto, "andika weye. Weye ndiye uliyeona tarakimu."

Chelangat alinitazama mimi kwanza, nakiri hilo. Kisha akaipokea burashi. Akaandika kwa herufi safi kama za ubao wa shule: INAFAA.

"Ami," nikasema, "hilo si neno letu."

Ami akasogeza uso. "Yafaa, inafaa, maana moya. Ata maneno, Esha."

Ata maneno, ati niache maneno! Yeye ambaye kwa miaka tisa hakuniruhusu hata kuiosha ile burashi nisije nikaharibu nywele zake. Nilitoka nikasimama mvuani bila baibui kulowa kunishughulisha. Nina kijiba cha roho, nakiandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Nilitaka akosee. Nilitaka kitu kimoja tu alichokiandika INAFAA kisifae, na kila mtu aone.

Jumatano, 30 Aprili

Mzee mmoja wa Shela amerudisha betri akiuliza kama ni bandia, maana neno lake si lile. Nimecheka peke yangu mpaka nikajionea aibu.

Jumatatu, 5 Mei

Hoteli moja ya Ras Kitau imebadilisha betri zake na kutoa zile kuukuu nane. Nne kati ya hizo zitakwenda kwa kina mama wa Kipungani. Bi Mwanatumu, mkubwa wa kikundi chao, alikuja mwenyewe, ukingo wa baibui umelowa, kueleza. Wamepata boti yenye mashine ya umeme, kwa ajili ya kuleta mikeka yao mjini na kuwachukua wagonjwa. Kutoka Kipungani mpaka hapa ni saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, na akiba juu yake. Kwa hiyo kila betri lazima ihimili saa nne. Zitafungwa mkia kwa kichwa, zote nne katika mstari mmoja. Moja ikilegea boti nzima imelegea.

"Zipimeni vyema," akasema. "Katika mlango wa bahari ule mkondo hauna dini."

Mkeka ninaosalia aliushona yeye.

Chelangat amezipa namba, moja hadi nane.

Alhamisi, 8 Mei

Leo Chelangat alikwenda Ras Kitau na kompyuta yake kuangalia sola za hoteli. Kabla ya kuondoka aliiunganisha namba sita, akauamrisha mzigo uvute ampea kumi na tano bila kusimama, akabandika karatasi:

"Bi Esha, namba sita itoe saa nne. Andika volti. Asante."

Aliiwasha saa tatu na nusu asubuhi.

Saa nne niliitoa. Nikaandika katika daftari la karakana: Namba 6. Saa nne. Volti 12.1.

Aliporudi jioni alisoma, akafurahi mno. Zile nyingine nzuri zilimaliza kwa volti kumi na moja nukta sita, nukta tano. "Bi Esha, hii sita ni noma! Ilikaa saa nne kweli?"

"Saa nne," nikasema.

Kila neno nililolisema na kila neno nililoliandika ni kweli.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeandika hapo juu kama karani wa korti. Sikuandika kwamba nilisimama mbele ya ile karatasi nikiangalia saa ya ukutani, tatu na dakika hamsini na tano, na nikajua vilivyo alichomaanisha.

Nitasema Jumatatu. Namba sita itakuwa imeshaandikwa INAFAA, nitaiomba ipimwe tena mbele ya Ami, itaanguka, na Ami ataona kwamba burashi si ya kumpa kila anayeshuka na kompyuta. Hakuna atakayedhurika. Hawaji kuzichukua mpaka katikati ya wiki ijayo.

Nina homa, koo linawasha.

Jumapili, 11 Mei

Homa. Bi Ruba ameleta uji wa pilipili manga. Anasema fundi Chelangat ameniulizia mara tatu. Hata yeye sasa anamwita hivyo.

Jumanne, 13 Mei

Nimerudi kazini. Rafuni zimebaki betri nne: mbili, tatu, tano na nane.

"Wamekuya yana na mashua yao," Ami alisema. "Mvua ilipumzika kidogo, wakaona heri wazitukuwe." Jana wamechukua moja, nne, sita na saba. Leo wanazifunga, kesho wanaleta mikeka.

Nilifungua mdomo. Chelangat alikuwa ameinama juu ya benchi, na kando yake kikombe changu chenye ufa, kimejaa kahawa ya moto, amenitilia mimi. "Pole na homa, Bi Esha. Nilikuwa sikijui kikombe chako, sasa nakijua."

Nikafunga mdomo. Kesho asubuhi nitampigia Bi Mwanatumu kabla hawajaondoka. Nitasema nilisahau kitu.

Jumatano, 14 Mei

Saa kumi na mbili na nusu nilipiga. Simu yake haipatikani. Saa moja, haipatikani. Usiku mzima mvua ilikuwa imenyesha na mtandao wa upande ule ukianguka huanguka kweli. Nikapiga mara kumi na nne. Ninahesabu hapa kwenye simu.

Waliondoka Kipungani saa mbili. Ilipaswa tuwaone saa tatu na nusu. Nilishuka forodhani, nikasimama kwenye ngazi. Mvua ilikuwa ya kupiga, upande wa pili wa Manda hauonekani. Saa nne ikapita. Niliiona saa nne ikipita katika saa ya simu yangu.

Saa tano Chelangat akaja na mwavuli. Hakujua chochote, alisikia tu boti imechelewa. Akasimama nami, akanishikia mwavuli kichwani mwangu, bega lake likawa nje linalowa. "Watafika, Bi Esha. Betri ziko sawa. Sita peke yake ingewaleta." Sikuweza kumtazama. Nilimchukia pale kuliko siku zote, kwa ule mwavuli.

Saa saba mashua ya mchanga yenye injini ya dizeli ikatokea ikiivuta boti kwa kamba. Nikawahesabu kina mama, tisa, nikahesabu tena, tisa. Nikakaa kwenye ngazi iliyolowa.

Bi Mwanatumu alishuka wa kwanza. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Mashine ilikufa ghafula, kati ya mayi," akasema. "Mkondo ukatutukuwa ukatutia mikokoni. Tumeshika mikoko kwa mikono, saa mbili na zaidi, mvua i yuu ya vitwa vyetu. Rumaisa huyu mkono umetatuka." Bi Rumaisa alikuwa ameufunga mkono kwa leso na leso imeshakuwa nyekundu.

Mikeka thelathini na minane. Miezi minne ya kuchana miyaa, kusuka ukili, kutia rangi, kushona. Ilikuwa imelowa maji ya chumvi, rangi zimeingiliana, zambarau katika kijani. Waliishusha mmoja mmoja ngazini na hakuna aliyelia, na mimi ningependa wangelia.

Bi Mwanatumu akamwona Chelangat. "Neno la betri zile si letu," akasema. "Nililiona nikanyamaa. Ningeyua ningezirudisha pale pale."

Karakanani Ami alikaa kwenye kiti chake na kanzu imelowa mpaka magotini. Akauliza, "Fundi, wanasema iliyokufa ni ile ya sita. Uliipima?"

"Ilipimwa, Mzee. Iko kwa daftari."

"Esha, soma. Mimi sioni."

Nikafungua daftari. Nikasoma: "Namba sita. Saa nne. Volti kumi na mbili nukta moja." Sauti yangu haikutetemeka. Nilishangaa jinsi haikutetemeka.

"Basi mashine yako yasema uwongo, bibi," Ami akamwambia. Hakusema fundi.

Ijumaa, 16 Mei

Mji mzima unasema. Vijana wa forodhani kitu chochote kibovu sasa wanakiita inafaa. Kiatu kilichokatika, inafaa. Embe lililooza, inafaa.

Baada ya sala ya Ijumaa Ami ameniita. Ameiosha burashi mwenyewe kwa mafuta ya taa, kwa kupapasa, akanipa. "Shika, fundi Esha. Nilikosa mimi. Nilikuwa na fundi ndani ya nyumba nikamtafuta nje."

Mambo yote mawili siku moja, burashi na jina la fundi. Niliyaota miaka tisa. Nimeyapokea kwa mkono wa kulia nikasema ahsante.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeandika YAFAA mbili. Zote zimepinda.

Jumatatu, 19 Mei

Betri zimerudishwa kutoka Kipungani. Chelangat hasemi na mtu. Ameiunganisha namba sita na kompyuta, nyaya nene, nyaya za kuonja, amekaa mbele yake tangu asubuhi na hakuinuka hata kula. Mimi nashika burashi na sina cha kuandika.

Jumanne, 20 Mei

Leo alisubiri Ami apande juu kwa chakula. Akageuza kompyuta nione. Mstari ulikuwa unateremka taratibu, kisha kama umefika ukingoni, chini. "Saa moja na dakika ishirini," akasema. "Nimerudia jana na leo. Imekufa hapo hapo." Kisha akafungua daftari akaweka kidole chini ya mwandiko wangu. "Niliiwasha tatu na nusu. Bi Esha, saa nne gani?"

Nilikitazama kile kidole.

"Saa nne ya asubuhi," akajijibu mwenyewe, polepole. "Nusu saa tu. Ndiyo maana volti kumi na mbili." Nilikuwa nangoja anirukie. Badala yake alijipiga paji la uso. "Ni mimi! Ni mimi nimeharibu. Nilitaka kuandika masaa manne. Nilishaandika kabisa, nikakumbuka ulivyonifunza, nikaitupa ile karatasi nikaandika nyingine. Nikasema leo Bi Esha ataona nimejua kusema."

Kikapu cha takataka kiko pale chini ya benchi. Mimi ndiye ninayekimwaga, na ile karatasi niliisoma.

"Nitamwambia Mzee," akasema. "Lugha imetuchezea tu. Si kosa lako. Mtu wa Lamu akiambiwa saa nne ataelewa saa nne."

Kwa hiyo nimefunguliwa mlango. Nikinyamaza tu, kesho yeye mwenyewe atanisafisha mbele ya Ami. Burashi itabaki yangu, naye atarudi Mombasa akiamini ni mjinga wa Kiswahili.

Nimeandika ukurasa huu mara mbili. Ule wa kwanza nimeuchana.

Jumatano, 21 Mei

Alianza kusema yeye. "Mzee, kuhusu hiyo namba sita, nilikosea kuandika..."

"Niliielewa," nikasema.

Ami akauliza, "Uliielewa nini, mwanangu?"

"Karatasi yake. Nilijua ni muda wa saa nne. Nikaitoa saa nne ya asubuhi, kwa makusudi, nikaandika nilivyoandika ili aaibike. Nilikuwa na wivu. Nilitaka kusema kabla hazijachukuliwa, nikaugua, kisha nikaogopa. Mashine haikusema uongo, Ami. Ni mimi."

Chelangat alisimama. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayesoma barua. "Uliielewa?" akasema. "Nilikushikia mwavuli na unaielewa?"

"Ndiyo."

"Wamama tisa, Bi Esha."

Alizitoa nyaya za kuonja kwenye betri, akazikunja, akatoka nje.

Ami alinyosha mkono. "Nipa burashi." Ilikuwa imejaa rangi. Nikamwambia ngoja niioshe. "Nipa," akasema tena. Akaitia mfukoni mwa kanzu vile vile na rangi yake, ikafanya doa jeupe kifuani, akapanda ngazi akishika ukuta.

Alhamisi, 22 Mei

Hakunifukuza. Ningependa angenifukuza.

Ijumaa, 30 Mei

Nimekwenda Kipungani kwa miguu nikamwambia Bi Mwanatumu mwenyewe, mbele ya wote tisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisukumia tita la miyaa. "Kaa utini utane." Nimekaa chini nimechana mpaka alasiri. Nimejikata vidole vitatu. "Mkono wako wa betri huo," akasema, "haufai kwa ukili." Haufai. Nitarudi Ijumaa ijayo, na inayofuata, mpaka thelathini na minane itimie.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Bi Ruba ameleta sahani mbili sawasawa, yangu na ya Chelangat. Tumekula vyumba tofauti.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya ishirini na saba Chelangat hasemi nami. Huniandikia vikaratasi tu. "Namba mbili, masaa manne, kuanzia saa mbili na robo asubuhi hadi saa sita na robo mchana." Kila kimoja kimeandikwa hivyo, kama mtu anayemwandikia mtoto. Navifuata kwa dakika.

Hakuna betri inayotoka na neno. Wateja wananung'unika, Ami anawaambia karakana haina neno kwa sasa.

Na wivu bado ninao, nisijidanganye. Nikimwona Ami anamwekea mkono begani ninachomeka vile vile. Tofauti ni kwamba sasa naujua uzito wake kwa tarakimu.

Jumamosi, 28 Juni

Mvua zimekwisha. Chelangat ameondoka kwa boti ya asubuhi. Ami alimsindikiza mpaka forodhani akishika mkono wa Bi Ruba. Mzigo utabaki kwetu mpaka Agosti.

Mimi nilibeba sanduku lake. Kwenye ngazi aliniambia, maneno ya kwanza tangu siku ile, "Nyaya za kuonja zinalegea vibano. Uziangalie."

"Nitaziangalia."

"Kwa kila betri, Bi Esha."

"Kila betri."

Akapanda botini. Hakupunga mkono, na sikutazamia.

Jumanne, 1 Julai

Jua kali. Kina mama wa Kipungani wameletewa betri nyingine badala ya namba sita, waliileta jana tuipime. Nilibana nyaya za kuonja, nikazitikisa, nikaiwasha. Nilikaa mbele yake jana masaa manne. Nimeandika katika daftari hivyo hivyo, masaa manne, na saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Volti kumi na moja nukta saba.

Leo asubuhi Ami alishuka mapema. Akaipapasa betri pande zote, akauliza, "Yafaa?"

Nikamsomea mstari wote. Akaniambia nisome tena. Kisha akatia mkono mfukoni mwa kanzu akaitoa burashi. Ilikuwa ngumu kama kijiti, nywele zote zimeshikana na rangi ya siku ile.

"Imekauka, Ami."

"Iloweke."

Nikaitia kwenye kopo la mafuta ya taa. "Mpaka lini?"

"Saa nne," akasema, akapanda juu.

Nikaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo. Sikumfuata kumuuliza saa nne ipi. Nilikaa pale kwenye benchi nikangoja zote mbili.